Koti la Simiti

Kama kuna mtu aliyezaliwa na pua ya kumtesa katika nchi hii yetu ya chai, basi ni Janeffer, Mama Weldon. Akialikwa chai kwa jirani hunyanyua kikombe, hukinusa polepole, kisha hukirudisha mezani na kusema ameshiba. Ameshiba nini, na ametoka kwake bila kula? Amesikia harufu. Amejua kwamba kitambaa kilichofuta kikombe kile kilikuwa kimelala majini. Kwa Janeffer dunia nzima imejaa vitambaa vilivyolala majini, na watu wanaoishi navyo bila hata kuona haya.

Kule Chepseon alikoolewa, pua hiyo ilikuwa na cheo. Kabla ya harusi, au vijana wakikaribia kutoka jandoni, wanawake walimletea vibuyu vyao vya mursik, yale maziwa ya kugandishwa, avinuse kabla ya wageni kunywa. Alikishika kibuyu kwa mikono miwili, akafungua kifuniko, akaingiza pua shingoni na kufumba macho. Kisha alisema, "Hii iko sawa." Au alisema, "Mwaga. Safisha. Anza tena." Hakuna aliyebishana naye, maana hakuwahi kukosea.

Kosa alilolichukia kuliko yote lilikuwa moja. Kibuyu kikishaoshwa hutundikwa juu ya meko, mdomo ukiangalia chini, mpaka kikauke ndani kabisa. Ndipo hupakwa mkaa wa mti wa senetwet na kutiwa maziwa. Lakini mwanamke mwenye haraka hukifunika kikiwa bado majimaji. Kwa nje kinang'aa kwa mafuta na shanga, kwa ndani kinaoza polepole, na atakayekifungua atajuta kuwa na pua.

Sally, aliyeolewa na mdogo wa mume wa Janeffer, alifanya kosa hilo akiwa bibi arusi mpya. Wageni walikuwa wamekaa, vikombe vimepangwa. Janeffer alinusa kibuyu mara moja tu, akatoka nacho hadi uani, akakimwaga chini mbele ya wazee na watoto na mbwa. "Mwanamke mchafu," alisema. Hakupiga kelele, alisema vile mtu anavyosema kunanyesha. Sally alilia jikoni mpaka wageni wakaondoka. Miaka imepita, wote wawili sasa wana mvi, wanasalimiana na kuombeana kanisani, lakini neno lile halikufa. Lilikuwa limekaa tu, likingoja.

Chukizo la pili la Janeffer lilikuwa nyumba ya mbao.

Alizaliwa Kiptere, katika nyumba ya mabanzi, zile mbao za magamba ambazo mashine ya kupasua miti huzitupa pembeni. Upepo ulipita kati ya banzi na banzi ukaja kulala nao kitandani. Baba yake alizibia nyufa kwa magazeti na samadi. Panya wakala magazeti, kunguni wakahamia kwenye samadi. Mvua ikinyesha, na huku kwetu mvua haijui kuchoka, kuta zilinuka kama mbwa aliyelowa, na Janeffer akaenda shule na harufu hiyo kwenye sweta lake. Msichana aliyeketi naye aliinuka, akahamia dawati lingine. Siku hiyo Janeffer aliapa kwamba akiwa mkubwa atalala ndani ya mawe, hata kama ni mawe ya kaburi.

Mume alimwahidi mawe. Alianza kujenga kweli, akafariki kuta zikiwa zimefika kwenye madirisha, na kuta zile ziko Chepseon mpaka leo, zimeota nyasi juu. Kwa hiyo Janeffer alizeekea katika nyumba ya udongo, akiisiliba kila msimu, akiinusa, akisonya.

Sasa, Mungu ana utani wake. Mtoto wake wa mwisho, Weldon, akaenda kuwa fundi wa nini? Wa nyumba za mbao.

Ana karakana yake Londiani, kule kwenye misitu. Pale anaunda ukuta mzima ungali umelala chini ya paa: fremu ya saiprasi iliyokaushwa vizuri, katikati maranda yaliyochanganywa na chokaa yakashindiliwa mpaka hayatikisiki, na nje mbao zilizopandana kama magamba ya samaki. Ukuta huo, paneli wanavyouita, unapakiwa kwenye lori, unafika plotini mjini, unasimamishwa na kufungwa kwa bolti, na nyumba inainuka kabla jirani hajamaliza kuuliza ni ya nani. Raha yake ni joto. Likishaingia halitoki. Katika mji kama Kericho, ambapo ukungu unaingia nyumbani bila kubisha hodi, mtu anaweza kuishi humo bila kuchoma makaa asubuhi na jioni.

Nyumba yake ya kwanza aliijenga pembeni mwa mji wa Kericho, akamhamishia mama yake, kwa sababu magoti ya mama yalikuwa yameliwa na baridi. Sababu ya pili hakuificha. "Mama, hii ndiyo nyumba ya kuonyesha watu," alimwambia. "Mteja akiuliza kazi yangu, namleta hapa. Hii nyumba ikisimama, mimi nimesimama. Ikianguka, nimeanguka na hiyo."

Janeffer aligusa ukuta kwa kidole kimoja, kisha akakipangusa kidole kwenye sketi.

Weldon alimzungusha nje, akainama kumwonyesha mwanya mwembamba chini ya zile mbao, na mwingine kama huo juu, karibu na paa. "Unaona hapa, Mama? Hapa ndio hii ukuta inapumulia. Maji ikipita nyuma ya mbao inatokea hapa chini, alafu upepo inakausha. Usizibe. Hata kuni usiegeshe hapa, tafadhali."

"Nyumba inapumua," alisema Janeffer. "Basi ikianza kukohoa nitakuita."

Usiku wa kwanza alilala na soksi, shuka, blanketi na koti. Alfajiri koti lilikuwa sakafuni. Wiki haikuisha kabla ya soksi nazo kutupwa. Chai aliyoisahau mezani aliikuta bado vuguvugu, na magoti yake yakapanda ngazi za kanisa bila kulalamika. Mtu mwingine angesema asante. Janeffer alinyamaza kimya, maana kusema nyumba ya mbao ina joto kwake ilikuwa sawa na kusema maiti ana afya.

Angezoea, nadhani. Pua huzoea hata zizi. Lakini Sally akaja kumtembelea.

Alisimama langoni na kikapu cha viazi, akaitazama nyumba kuanzia chini hadi juu. "Mama Weldon! Stoo nimeiona. Sasa nyumba iko wapi?"

"Hii ndiyo nyumba."

"Hii?" Sally akaweka kikapu chini ili acheke vizuri. "Pole, dada yangu. Si hata ni sawa tu? Ulizaliwa kwa mabanzi, umerudi kwa mabanzi. Mungu hasahau mtu wake."

Alicheka kicheko cha mtu aliyekiweka akiba tangu siku kibuyu chake kilipomwagwa. Janeffer alimpa chai, akamsindikiza mpaka barabarani, akamuombea safari njema. Aliporudi aliona mbao zile na kinyaa kikampanda mpaka kooni. Aliona mabanzi. Alisikia harufu ya mbwa aliyelowa, ingawa ukuta ulinuka saiprasi safi tu.

Weldon alikuwa amekwenda Nakuru kusimamisha nyumba ya mtu. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na fundi wa mawe, Oyaro, Mkisii mpole mwenye mikono mipana, anajenga vyumba vya kupangisha. Janeffer akamwita.

"Nataka hii ionekane ya mawe."

Oyaro aliizunguka nyumba akikuna kidevu. "Mama Weldon, simiti na mbao hawapatani. Mbao inacheza, simiti haichezi. Na kijana yako atasema nini?"

"Nimekuita kama fundi ama kama pasta?"

Oyaro alikuwa na watoto wanaosoma, kwa hiyo aliichukua kazi. Akapigilia waya wa kuku juu ya mbao, akapiga plasta nzito. Alipofika kwenye ule mwanya wa chini aliuliza, na Janeffer akamwambia azibe, na wa juu pia, kwani panya wa Kiptere alikuwa anawakumbuka vizuri. Plasta ilipokauka, Oyaro akaipaka rangi ya maziwa, kisha akachora mistari myeupe iliyonyooka, jiwe juu ya jiwe, kona kwa kona, mpaka hata mjenzi angedanganyika akipita na pikipiki.

"Na ukuta wa nyuma?" aliuliza. Wa nyuma ulitazamana na ua wa jirani, na palipita kuku tu.

"Huko nani ataona? Wacha hivyo."

Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Sijui walimwona Janeffer wapi.

Weldon aliporudi alisimama langoni kama mtu aliyekosea njia. "Mama, umefanya nini?"

"Nimekaa ndani ya mawe. Hatimaye."

"Umevalisha nyumba koti ya simiti! Hii itaoza." Akaingia stoo, akatoka na patasi na nyundo. Janeffer akasimama mbele ya ukuta wake, mikono kiunoni.

"Guza hii ukuta, na mimi narudi Chepseon leo hii. Alafu wewe utaelezea watu kwa nini mama yako alitoka kwako akilia."

Weldon aliiweka nyundo chini. Tunafundishwa kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mkuu asiyesikia la mdogo hatukufundishwa tumfanyeje, na ndiyo maana wako wengi.

Mvua ndefu zikaja. Mbao zikavimba na kusinyaa, plasta ikashindwa kufuata, ikapasuka nyufa nyembamba kwenye mawe yale ya rangi. Maji yakaingia kwa nyufa, yakashuka, yakakuta mlango wa chini umefungwa. Yakakaa. Kilichofuata nakisimulia kwa ufupi kwa sababu nami nina tumbo. Kwanza ilikuja harufu nyembamba, na Janeffer akatupa kitambaa cha kudekia. Akaosha mabirika. Akalaumu mtaro wa jirani, akalaumu panya aliyekufa, akamtafuta panya huyo chini ya kitanda na nyuma ya kabati na hakumpata. Kisha ukuta ukaanza kutoka jasho. Kwenye kona ya sebule, pale chini, uyoga ukaota, laini, wa rangi ya ngozi ya mgonjwa, umepangana kama masikio. Aliukwangua kwa kisu akatapika. Kulipokucha masikio yale yalikuwa yamerudi.

Joto nalo lilikwisha. Maranda yaliyolowa hayashiki joto, ni kama kuvaa sweta lililofuliwa sasa hivi. Soksi zikarudi, koti likarudi, jiko la makaa likarudi, magoti yakaanza tena kulia. Usafi wake wote haukufua dafu. Alinuka mwenyewe. Kanisani aliketi mwisho wa benchi akihofia kwamba mtu atainuka na kuhama.

Na mtu mwenye hofu kama hiyo hutafuta wa kumtwisha. "Mimi nilisema," aliwaambia akina mama baada ya ibada. "Mbao ni mbao. Nyumba za Weldon zinanuka." Hakufikiri alikuwa akimuumiza mtoto. Alikuwa akijiosha. Lakini maneno hayo yangetoka kinywa kingine yangekufa hapo hapo mlangoni. Yalitoka chini ya pua ile, na nani angeibishia? Habari zikashuka Kericho mjini, zikafika Londiani. Aliyekuwa ameagiza paneli akapiga simu kusema tungoje kidogo. Mwingine hakupiga hata simu. Karakana iliyokuwa ikipiga kelele mchana kutwa ikaanza kusikika ndege.

Wakabaki wateja wakubwa kuliko wote, kikundi cha walimu waliokuwa na ploti mjini na waliotaka kujenga nyumba zao zote kwa paneli. Mwenyekiti wao, Mwalimu Gesare, alimwambia Weldon waziwazi: wangekuja kuiona nyumba ya mama yake, ukuta ufunguliwe mbele yao, na wangeamua siku hiyo hiyo.

"Mama," Weldon alisema jioni hiyo, akipasha mikono kwenye jiko la makaa ambalo nyumba yake haikupaswa kuhitaji, "wakikataa, nafunga karakana."

Janeffer alikoroga uji. Hakumtazama.

Walikuja asubuhi, mvua ikiwa imetua. Mwalimu Gesare na walimu wenzake, viatu vyao vimejaa tope jekundu. Oyaro aliitwa kwa sababu ya nyundo yake. Na Sally naye akatokea, eti alikuwa anapita tu, kama kwamba mtu hutoka Chepseon na kupita tu.

Oyaro alipiga jiwe la rangi chini ya dirisha la mbele. Plasta ikaanguka kwa kipande kizima. Akabandua ubao, na ubao ukakatika mkononi kama mkate uliolowa. Nyuma yake maranda yalikuwa yamegeuka uji mweusi unaong'aa, na ndani ya uji ule vitu vyeupe vilikuwa vikijinyonganyonga. Harufu ikatoka. Mwalimu mmoja alikimbilia langoni. Mwalimu Gesare akafunika pua kwa leso na kusema, kwa sauti iliyozibwa, "Basi. Mbao ni mbao, kama mama alivyosema."

"Mwalimu, tafadhali, tuangalie na nyuma," alisema Weldon.

Wakazunguka kwa kuku. Oyaro akafungua skrubu, akatoa ubao. Maranda yalikuwa makavu, ya rangi ya asali, yamekaa vile vile yalivyotoka Londiani. Mwalimu Gesare alitia mkono ndani, akautoa, akaunusa. Akatia tena. "Huku kukavu, na kule kumeoza. Nyumba ni moja, fundi ni mmoja. Kwa nini?"

Weldon alimtazama mama yake aliyesimama karibu na ua, kitambaa cha kichwa kimemlegea. Kisha akasema, akitazama viatu vyake, "Labda ni makosa yangu. Labda paa ya mbele sikuifunga vizuri."

Janeffer alielewa mara moja. Kijana wake alikuwa anameza uchafu mbele ya wageni, anaumeza akijua ni wa nani, kama mtoto anayemaliza kikombe kibaya ili mwenyeji asione aibu.

"Mama Weldon," alisema Mwalimu Gesare, "watu wanasema pua yako haijawahi kukosea. Nenda unuse, utuambie hii ni nini."

Walirudi mbele. Janeffer aliinama kwenye shimo. Miezi yote hiyo alikuwa akiikimbia harufu ile. Hakuwa amewahi kuisogelea. Sasa aliweka mikono yake miwili pande zote za tundu, akaingiza pua, akafumba macho. Alikaa hivyo. Wote walimngoja kama walivyomngoja akina mama wa Chepseon. Hakikuwa kinyesi, hakuwa mbwa aliyelowa, hakuwa panya, wala halikuwa banzi lolote la Kiptere. Aliijua. Aliijua tangu alipokuwa msichana, na aliichukia kuliko harufu nyingine yoyote chini ya jua.

Aliinuka, uso umemsawijika.

"Ni kibuyu," alisema. "Ilifunikwa kama bado iko majimaji."

Sally, aliyekuwa ameshika mdomo tayari kwa kucheka, akaushusha mkono.

"Sikuelewi," alisema Mwalimu Gesare. "Nani aliifunika?"

Oyaro alitazama nyundo yake. Weldon akasema, "Mama, wacha," lakini Janeffer alikuwa ameshamtazama Sally, mvi kwa mvi, na neno lile la zamani lilikuwa limeshampanda kooni, na hapakuwa na mtu mwingine wa kulipokea ila yeye mwenyewe.

"Mwanamke mchafu," alisema.

Akachukua nyundo mkononi mwa Oyaro, akaanza kubomoa mawe yake mwenyewe, mstari kwa mstari. Mwalimu Gesare aliwaita wenzake warudi nyuma ya nyumba wakaone tena pale pakavu, na Weldon akaenda nao. Sally alibaki. Aliinama, akaanza kuokota vipande vya simiti na kuvitupa mbali, na kila harufu ilipomzidi Janeffer aligeuka pembeni, akatapika, akafuta mdomo, akapiga tena.